Mtwapa kuwa manispaa, nani anafaidi? Sisi wa Malindi tuseme tulichoona

Jamani salaam. Jana barazani hapa Shella tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee jirani yetu kashikilia kwamba Mtwapa, mji wa kaunti yetu hii ya Kilifi, haistahili kuwa manispaa, yaani mji wenye hati na bodi yake, ati ule ni mtaa wa Mombasa uliovuka daraja tu, watu waenda kulala, basi waachwe chini ya kaunti hivyo hivyo. Mimi nasema inastahili, lakini cheo peke yake hakina maana, na ushahidi wangu ni hapa hapa Malindi.

Dadangu anakaa Mtwapa mwaka wa sita sasa. Saa kumi na moja alfajiri yuko stegini, gari likishavuka ule mkono wa bahari ashatoka kaunti ya Kilifi kaingia Mombasa, kazi yake huko, shule ya mtoto huko, sokoni huko, na foleni ikimkamata anarudi saa mbili usiku. Kura lakini apiga Kilifi. Sasa mtu kama huyo mtaro wake ukiziba amwone nani? Gavana wa Mombasa hamjui, na makao makuu ya kaunti yake yako Kilifi mjini, siku ya kazi anaipotezaje kwenda huko.

Na si kijiji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 90,000 pale, sisi Malindi tuko karibu 120,000. Ile sheria ya miji ya 2011 ilikuwa inataka watu 250,000 ndio uitwe manispaa (hapo hata sie na ukale wetu wote na mnara wa Vasco da Gama tungeanguka mtihani), ndio 2019 wakairekebisha ikashuka hadi 50,000. Kwa hesabu Mtwapa imepita, hilo tusibishane.

Sasa la kwetu. Tulikuwa na baraza la manispaa, meya na madiwani, diwani ukikasirika wamfuata kwake jioni akiwa kwa kikoi. 2013 ikaja kaunti, yakafutwa yote. Manispaa ikarudi baadaye lakini ni jina lile, mwili mwingine: bodi anateua gavana na bunge la kaunti linapitisha, mwananchi hana kura hapo, na ushuru, kwa kifungu cha 207 cha Katiba, unaingia mfuko wa kaunti kwanza ndio ugawiwe. Mimi nauza maembe, kila asubuhi nalipa napewa risiti, na nyuma ya meza yangu kuna jaa la taka mbuzi wamelala juu yake wanatafuna maganda. Nikaenda ofisi moja nikaambiwa hilo si letu, nenda ile nyingine. Ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza. Risiti ninazo kwenye mkebe wa biskuti, nzima nzima.

Haya, semeni.

*Dada wa Muyeye:* Kaka nakuheshimu lakini umeruka jambo. Ule mradi wa miji wa Benki ya Dunia ulitaka mji uwe na hati na bodi ndio upate pesa, sasa bila manispaa hizo taa na lami ungezitoa wapi? Mtwapa wakikaa bila bodi watakuwa wanaangalia wenzao wakila. Chukua kwanza jina, ugomvi wa mfuko baadaye.

*Mzee wa barazani:* Mwanangu, umenitaja basi nijibu. Hayo mabaraza ya zamani wayasifia kwa sababu ulikuwa mdogo. Sisi twayajua. Madeni, mishahara ya wafanyakazi kuchelewa, na huyo diwani wa kikoi ukimfuata jioni alikuwa akujibu "kesho". Tena hao wa Mtwapa wapangaji wengi, mwaka huu yuko huku mwaka ujao kahamia Bamburi kule Mombasa, atasimamia mji gani?

*Aliyeanzisha:* Shikamoo mzee. La madeni nakubali, sikatai hata kidogo. Lakini "kesho" ya diwani ilikuwa na mwisho, miaka mitano ikifika twamtoa. Bodi je, naitoa kwa kura gani? Na mpangaji naye anatupa taka na anatumia choo kama mwenye nyumba, tena ndiye analipa zaidi maana kodi ya nyumba ya Mtwapa si mchezo. Dada wa Muyeye, pesa za mradi ni kweli, ila mradi una mwisho, jaa halina. Mimi nataka kila manispaa iandike ubaoni nje ya mlango wake: mwezi huu tumekusanya kadha, tumerudishiwa kadha. Basi. Hapo nitajua nigombane na nani.

*Dada wa Muyeye:* Ubao! Utang'olewa usiku uuzwe chuma chakavu 😂

*Aliyeanzisha:* Wauandike kwa chokaa ukutani basi. Dadangu kanitumia picha sasa hivi, mvua imenyesha Mtwapa, pale stegini watu wamepanda juu ya matofali na viatu mkononi, ananiuliza apige simu kwa nani. Mwenye kujua amjibu, mimi yangu ni maembe.