Tunaonyonga baiskeli Japani, tupeane uzoefu: ushindi wako mdogo ni upi?

Pancha_Tatu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu si wa wenye baiskeli za kaboni na nguo za kubana, hao wana vijiwe vyao. Nawataka wale wa kunyonga kwa raha zao wikiendi: mlioko Japani sasa, au mliowahi kuishi huku. Ulifika wapi, ulichokaje, kilikukuta nini. Hata kama ni kilomita tano kwenda kununua mchele, shusha hapa.

Naanza mwenyewe. Nipo Tsukuba, masomo, mwaka wa tatu. Chombo changu ni mamachari, ile baiskeli ya akina mama wa Kijapani: kapu mbele, keria nyuma, uzito wa debe la maji. Niliinunua yeni 8,000 kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao. Gia ni moja, ukiitaka ya pili unashuka na kusukuma.

Huku kwetu ipo njia ya Tsukuba-Kasumigaura Ring-Ring Road, jumla kama kilomita 180. Kipande kimoja kinalizunguka ziwa Kasumigaura, kingine kinapita juu ya reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1987. Vyuma viling'olewa, lami ikamwagwa, lakini majukwaa ya stesheni yapo hadi leo. Unafika, unaegemeza baiskeli kwenye jukwaa ambalo treni haitakuja tena, unakula onigiri yako, lile tonge la wali. Hicho kipande cha reli, kutoka Tsuchiura hadi Iwase, ni kilomita 40. Jumamosi moja ya Januari nikasema leo nakimaliza.

Sikujua habari za upepo. Majira ya baridi hapa kuna upepo unashuka kutoka mlima Tsukuba, wenyewe wanauita Tsukuba-oroshi. Ulinipiga kifuani tangu nyumba za mjini zilipoisha. Mashamba yamevunwa, hakuna hata mti wa kujifichia. Kuna wakati nilikuwa nakanyaga pedali kwenye tambarare kama napanda mlima Sekenke. Mzee mmoja alinipita na mamachari kama yangu, kapu limejaa vitunguu majani, akaniambia "ganbatte", yaani kaza buti. Ni kweli alinitia moyo, ila na aibu niliipata.

Nikafika Iwase saa tisa alasiri, miguu ya mpira. Mpango wangu ulikuwa kurudi na treni. Nikakokota baiskeli hadi getini, mtu wa stesheni akanisalimia kwa adabu zote, halafu akavuka mikono kifuani alama ya X. Baiskeli haipandi treni mpaka ifunguliwe au ikunjwe na iingie yote ndani ya mfuko wake. Sasa mamachari utaikunjia wapi?

Basi nikageuza. Na hapo ndipo ule upepo ukawa rafiki. Ulinisukuma mgongoni kilomita nyingi tu, nikawa natereza kama nina injini. Giza likaingia kabla sijafika. Taa yangu ni ya dainamo, ukiiwasha inasugua tairi na baiskeli inakuwa nzito maradufu, lakini kuendesha usiku bila taa ni kosa. Nikafika ghetto saa mbili usiku. Kilomita 80 na ushee kwa gia moja. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume.

Karibuni.

Goti_Bovu

Hapo kwa X nimecheka sana, imenikuta mara mbili.

Mimi mtu wa Likoni, sasa nafanya kazi Kanagawa. Hapa kazini siku ya kwanza walisikia Kenya, wakaniandikisha timu ya mbio za kupokezana vijiti bila kuniuliza. Kwani kila Mkenya ametoka Iten? Mimi hata feri nilikuwa nikiachwa. Nilikimbia kipande changu, tukashika nambari ya pili kutoka mwisho, na kuanzia siku hiyo niliheshimiwa kama mtu wa kawaida.

Mwenzangu mmoja wa ofisi, mzee wa miaka 61, akanionea huruma akaniazima baiskeli yake ya zamani ya mbio. Yeye ndiye alinitia katika ugonjwa wa milima. Kila Juni kuna mashindano ya kupanda mlima Fuji kwa baiskeli, barabara ya Subaru Line, kilomita 24, mpaka kituo cha tano chenye kimo cha mita 2,305. Watu ni maelfu, na wengi hawashindani na yeyote ila saa. Ukimaliza chini ya dakika 90 wewe ni shaba. Chini ya 75 ni fedha, chini ya 65 ni dhahabu. Shaba ndiyo ndoto ya sisi watu wa kawaida, utasikia mtu na kitambi chake anakwambia "mwaka huu lazima shaba" kama mtu anayeongea kuhusu kujenga nyumba.

Mwaka wangu wa kwanza: saa moja, dakika 30 na sekunde 41.

Sekunde 41, jamani. Nilisimama kunywa maji! Pale kilomita ya kumi na kitu nilisimama, nikafungua chupa, nikatazama miti, nikajiambia hewa nzuri. Hayo maji yamenigharimu mwaka mzima. Nilikuwa nikilala naona ile chupa.

Mzee wangu hakucheka. Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi: kilo ngapi nipunguze, mara ngapi nipande Yabitsu (hiyo ni njia ya mlimani huku kwetu, kila mpanda baiskeli wa Kanagawa ameilaani), na chini kabisa akaandika "kunywa ukiwa unaenda". Mwaka mzima nimejifunza kuchomoa chupa kwa mkono mmoja bila kuyumba. Mkiniona mnaweza kudhani nafanya mazoezi ya sarakasi.

Mwaka wa pili: 1:28:15. Juu kule baridi inakata masikio, koti langu lilikuwa kwenye mzigo uliotangulia na lori. Nilitetemeka nikilitafuta, na sikujali. Tulishuka kwa makundi polepole, tukaenda kula udon za Fujiyoshida, zile tambi nene ngumu ambazo unatafuna kama una kesi nazo. Mzee alimaliza dakika 84. Sitaki kulizungumzia hilo.

ziwa_kushoto

Mimi mfupi. Biwaichi, kuzunguka ziwa Biwa, kilomita 200, siku mbili. Zunguka kinyume cha saa: huku tunapita kushoto, kwa hiyo ziwa linabaki upande wako na huvuki barabara ovyo. Siku ya pili tako lilikataa. Nunueni kaptula zenye sponji, msione aibu.

Mama_Wawili

Hongereni. Yangu mtaiona ndogo.

Nimezaliwa Tanga, nikakua nikiona kaka zangu wananyonga Phoenix ya baba, sisi wasichana tunabebwa kwenye keria. Nimekuja Osaka kumfuata mume, nina miaka 34, sijui baiskeli. Na Osaka bila baiskeli wewe ni mgonjwa. Kila mama pale chekechea anakuja na baiskeli ya umeme, mtoto mmoja mbele, mmoja nyuma, manunuzi katikati. Mimi natembea dakika 25 na mtoto mgongoni na mwingine analia mkononi.

Jirani yetu, bibi wa miaka sabini na kitu, aliniona kila siku. Kijapani changu kilikuwa cha "arigato" na "sumimasen", yaani asante na samahani. Jioni moja akagonga mlango na mamachari yake, akanionyesha kwa kidole: wewe, hii, twende. Akanipeleka kandokando ya mto Yodo, kwenye uwanja mtupu. Hakuniruhusu kuanza na pedali. Alishusha kiti mpaka nyayo zikagusa chini zote mbili, akanifanya nisukume kwa miguu kama bata, jioni nne mfululizo. Ya tano akashika keria nyuma, nikaweka miguu juu. Nikawa namsikia anapumua nyuma yangu, hff, hff. Baadaye sikumsikia tena. Nikageuka kumtafuta, nikaanguka. Alikuwa amebaki kule mbali, anapiga makofi.

Leo nina ya umeme, watoto wote wawili juu na kofia zao. Siku niliyowapeleka mara ya kwanza mvua ilinyesha. Mwamvuli hauruhusiwi ukiendesha, nilivaa koti la mvua la mwili mzima kama mvuvi. Tulitumia dakika nane. Mwalimu alitoka mlangoni, akaniangalia, akaangalia baiskeli, akasema kwa sauti "Ooooh!" Nililia ndani ya lile koti, hakuna aliyejua.

Pancha_Tatu

Mama Wawili, nani amekwambia hiyo ni ndogo?

mtu_wa_bima

Nisameheni nachomekea jambo kavu. Kateni bima ya baiskeli. Mwaka 2013 mahakama ya Kobe ilimwamuru mama wa mtoto aliyemgonga mtu kwa baiskeli alipe kama yeni milioni 95. Mikoa mingi sasa bima ni lazima, na ni pesa ndogo kwa mwaka. Simu mkononi huku unaendesha pia iacheni, tangu Novemba 2024 adhabu imepanda. Endeleeni.

Bi_Ndimu

Assalaam aleykum. Mie wa Unguja, nlikuwa Hiroshima miaka miwili. Njia yangu ni Shimanami Kaido, na nani asoijua? Onomichi mpaka Imabari, kilomita 70, visiwa sita na madaraja baharini. Unaanza kwa kivuko cha dakika tano tu, kwa mtu wa visiwani moyo ushatulia hapo. Njiani wamechora mstari wa buluu pembeni ya barabara, unaufuata tu, hupotei. Na madaraja yako juu lakini njia ya kupandia wameizungusha kidogo kidogo, haiui.

Kisiwa cha tatu, Ikuchijima, ni ndimu tupu. Zile kubwa za manjano, za Kizungu. Kila penye nyumba kuna kimeza, mifuko ya ndimu au machungwa, na kikopo cha kutia yeni 100. Hapana mtu. Mume wangu alisimama akawa anatafuta kamera, nikamwambia wewe tia pesa twende.

Sasa kisa. Mie nlikuwa na baibui, si refu sana, na mamachari yangu ya nyumbani haina neno kwa sababu mnyororo wake umefunikwa wote. Lakini pale tulikodi baiskeli nyepesi, mnyororo uko wazi. Nje kidogo ya Setoda, mji wa hapo hapo kisiwani, nikasikia krrr, mguu ukakwama, pindo lishaliwa na meno mpaka karibu na goti. Siwezi kushuka, siwezi kwenda. Nimening'inia kama nguo kambani, mume ananishikilia, anacheka, mie namtukana.

Akatoka mzee shambani na mkasi mkubwa wa kukatia ndimu. Nikapiga yowe, nikidhani anakuja kulikata baibui. Mzee kaweka mkasi chini, kainama, kazungusha pedali nyuma taratibu, jino moja, jino jengine, huku anavuta kitambaa kwa vidole viwili kama anomtoa samaki kwenye nyavu. Halikuchanika, ila grisi tu. Kisha akaenda kwake akarudi na vibanio vya kuanikia nguo, vinne, vya waridi. Akanionyesha: bana hapa na hapa. Na ndimu mbili akanitilia kapuni.

Tulilala Setoda, kesho yake tukavuka daraja la mwisho, Kurushima, kama kilomita nne juu ya bahari, chini maji yanazunguka kwa mkondo kama chungu kinatokota. Mie na vibanio vyangu vya waridi. Viko mpaka leo, Mwanakwerekwe, vimebana kanga.

Goti_Bovu

"Wewe tia pesa twende" 😂

Kariakoo_Gereji

Wakuu mimi sijawahi kufika Japani, nachungulia tu. Lakini mamachari ninayo! Za mtumba zinakuja hapa Dar kwa makontena. Nimenunua hii ndogo mwaka jana, kapu limepinda lakini fremu chuma kweli. Nyuma chini ya kiti ina vibandiko viwili, nimekataa kuvitoa. Nimeweka picha. Vinasemaje?

Mama_Wawili

Nimevikuza. Cha njano ni usajili wa kuzuia wizi, kila baiskeli huku lazima iwe nacho, na polisi akikusimamisha hicho ndicho anachokagua. Kimeandikwa polisi wa Osaka. Imetoka kwetu hiyo!

Cha kijani ni ruhusa ya maegesho ya shule ya sekondari. Jina la shule limefutika, ila namba inasomeka: 318.

Kariakoo_Gereji

Kumbe ilikuwa ya mwanafunzi. Ndiyo maana keria imelegea, atakuwa alikuwa anapakia wenzake.

Mama_Wawili

Kupakizana hawaruhusiwi. Ila ndiyo, atakuwa alipakia.

Kariakoo_Gereji

Kesho naifunga nati. Jumapili naipeleka Bunju, sijawahi kuvuka Tegeta nayo. Nikifika nitarudi hapa.