Jiji linapohitaji wakili wa nje, limchague kwa vigezo gani?

Mjumbe mpya wa kamati ya fedha
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Wiki ijayo kamati yetu itajadili pendekezo la kukodi kampuni ya mawakili ili ilitetee jiji katika shauri la mkandarasi wa mifereji anayedai malipo ya ziada. Waraka tuliopewa una ukurasa mmoja, na sababu pekee iliyotajwa ni kwamba kampuni hiyo "imefanya kazi nasi vizuri". Jiji lina ofisi yake ya sheria. Je, ni wakati gani inafaa kutafuta wakili wa nje, na achaguliwe vipi? Mwenzangu anasema tuchukue mwenye ada ndogo kuliko wote, nami sijaridhika.

Mwanasheria mstaafu
Mheshimiwa, umeuliza mapema, na hilo ni jema, maana wengi huuliza ankara zikishafika. Kwanza mwanasheria wa jiji aeleze kwa maandishi kwa nini ofisi yake haiwezi kulibeba shauri: ama linahitaji ubingwa usiokuwapo, kama ilivyo katika usuluhishi wa mikataba ya ujenzi au utoaji wa hatifungani (hati ambazo jiji huuza ili kukopa fedha), ama kazi imewazidi watu waliopo, ama ofisi hiyo ndiyo iliyoandaa mkataba unaobishaniwa, na huenda mawakili wake wakaitwa kutoa ushahidi. Sababu hii ya mwisho husahaulika, nayo katika shauri lenu naiona nzito kuliko nyingine.

Shauri kubwa lenye muda wa kutosha hutangazwa kwa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, zilizo wazi. Kwa kazi za mara kwa mara, majiji mengi huweka orodha ya kampuni zilizokwisha kuchujwa, ambazo huombwa bei kila kazi inapotokea. Uteuzi wa moja kwa moja ubaki kwa dharura ya kweli, kwa mfano ombi la zuio linalosikilizwa mahakamani kesho asubuhi.

Kuhusu ada ndogo, kiwango cha saa moja hakikuambii saa zitakuwa ngapi. Niliwahi kushika ankara iliyosomeka "utafiti na mawasiliano, saa 9", bila kutaja nani alitafiti nini. Tulipoirudisha na kutaka ichanganuliwe kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya 10 ya saa, ilibainika kwamba mawakili watatu walikuwa wametoza kwa kusoma waraka ule ule. Kwa hiyo dai bajeti ya kila hatua ya shauri, pamoja na majina ya watakaofanya kazi hasa, kwa sababu mara nyingi wakili mwenye uzoefu huja kwenye usaili na jalada likaishia kwa aliyeanza kazi juzi.

Mkaguzi wa ndani
Naongeza jambo moja ambalo kwangu halina mjadala. Kabla ya kutazama bei, kila kampuni itoe tamko la mgongano wa maslahi: je, imewahi kumshauri mkandarasi huyo, kampuni tanzu zake au bima yake? Je, imemchangia diwani yeyote fedha za kampeni? Tamko hilo lihuishwe shauri likiendelea, kwani wateja wapya huingia kila siku. Tena mkataba useme bayana kwamba mteja ni jiji lenyewe, wala si meya wala mkurugenzi. Ikiwa ofisa ameshtakiwa pamoja na jiji na utetezi wake unapingana na wa jiji, atahitaji wakili wake.

Mjumbe mpya wa kamati ya fedha
Nawashukuru sana. Kampuni nyingine imependekeza ilipwe asilimia ya fedha itakazoliokolea jiji. Hilo linafaa?

Mwanasheria mstaafu
Utaratibu huo hufaa zaidi jiji linapokuwa mdai, kwa kuwa kiasi kinachopatikana huonekana. Kwa mdaiwa, "kilichookolewa" hupimwa kwa dai la mkandarasi, ambalo huenda lilitiwa chumvi tangu mwanzo, na mtajikuta mnamlipa wakili kwa kupunguza tarakimu ambayo hakuna mahakama ingeikubali. Afadhali ada maalumu kwa kila hatua, yenye ukomo usioweza kuvukwa bila idhini ya kamati. Na uamuzi wa kusuluhisha nje ya mahakama ubaki mikononi mwa baraza. Kifungu hicho kisipokuwamo, msitie saini.