Naomba ushauri: Baba hataki tiba ya kikundi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Baba yangu, mshona kofia za viua kutoka Lamu, alipatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia umelegea. Amelazwa hapa Malindi. Tiba ya peke yake haina shida: ananyoosha vidole, anashika kijiko chenye mpini mnene, anavaa kanzu akianza na mkono ule dhaifu.

Kikundi ndicho hataki hata kukisikia. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli zake za kila siku, huwaketisha wagonjwa kadhaa meza moja, wake kwa waume, wakamenya vitunguu, wakakunja nguo, wakapika chai. Baba ananiambia, "Mwanangu, mimi nikamenye vitunguu mbele ya wake za watu?" Nadhani vitunguu ni kisingizio tu. Chai humtiririka mdomoni, na hilo halisemi.

Mtaalamu anasema mgonjwa akimwona mwenziwe amefunga kifungo kwa mkono uliolegea, naye hupata moyo. Tena kungoja zamu na kukumbuka hatua za kupika chai ni mazoezi ya akili. Namwamini, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida zaidi, lakini mzee halazimishwi.

Mliowahi kuuguza, mliwashawishi vipi wazee wenu? Nikimwomba mtaalamu alete bao au sindano na kitambaa badala ya vitunguu, nitakuwa namwingilia kazi yake? Na mama, anayemlisha baba kila tonge ilhali tumeambiwa amwache ajaribu mwenyewe, tumwambieje asiudhike?