Mtoto kavimba uso, mkojo mweusi: nihangaikie kipimo cha NAG?

Mama Wawili: Habari za humu wadau. Mwanangu wa miaka 7 alitoka upele miguuni, ukatunga usaha, ukakauka. Kama wiki ya nne hivi akawa anaamka uso umejaa, mkojo rangi ya Coca-Cola. Hospitali wamesema figo zimevimba kwa sababu ya bakteria streptokoka wa vile vidonda. Presha ilikuwa juu, kapewa Lasix ya kukojosha na pensilini, sasa anakojoa vizuri. Shemeji yuko Ujerumani, kang'ang'ania tupime vimeng'enya vya mkojo, hasa NAG. Huku hakipo. Tukitafute?

Tabibu_Pwani: Pole dada. Shemeji hajakosea, ila kwa mwanao hakina haraka. NAG hukaa ndani ya seli za mirija ya figo. Ni molekuli kubwa, haipenyi chujio la figo kutoka kwenye damu, kwa hiyo ikijaa mkojoni ujue seli za mirija zinaumia. Ugonjwa huu huanzia kwenye chujio, mirija huguswa baadaye. Tena NAG haisemi mhalifu ni nani: hata antibiotiki ya gentamaisini huipandisha. Na majibu yakija, dawa ni zilezile. Hiyo nauli pimia C3, protini ya kinga iliyo kwenye damu.

Mzee wa Kijiwe: Si wanapimaga ASO, ile kingamwili ya streptokoka?

Tabibu_Pwani: Kwa koo, sawa mzee. Kwa vidonda vya ngozi ASO mara nyingi haipandi. Anti-DNase B, kingamwili nyingine ya streptokoka, ndiyo hukamata. C3 hushuka, kisha hurudi ndani ya wiki 6 hadi 8. Ikigoma kupanda, aonwe na daktari wa figo, huenda ni ugonjwa mwingine.

Nesi Mkongwe: Mama, mpime uzito kila asubuhi kabla ya chai, mzani uleule. Chumvi punguza, na krispi usimpe kabisa. Mkojo ukipungua, kichwa kikimuuma sana, akitapika, akiona ukungu, akihema kwa shida au akipata degedege, mkimbize hospitali hata usiku wa manane.

Mama Wawili: Asanteni sana. Mkojo ukirudi rangi yake ndiyo kapona?

Tabibu_Pwani: Bado. Damu ya kuonwa kwa hadubini inaweza kubaki hata mwaka na zaidi, isikutishe kama presha na protini ziko sawa. Kliniki usiruke. Kuna mwingine anajikuna hapo nyumbani?

Mama Wawili: Mdogo wake, na wanalala kitanda kimoja.

Nesi Mkongwe: Basi pakaneni dawa ya upele nyumba nzima siku moja, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.