Mwalimu kalizungushia "masticated" wino mwekundu. Nibadilishe au nitetee?

Kidato_Tatu: Shikamooni wakubwa. Kwenye insha ya Kiingereza kuhusu babu yangu niliandika "my grandfather masticated his ugali slowly". Kamusi inasema masticate ni kutafuna, sawa na chew. Mwalimu hakuandika sababu, na masahihisho ni kesho. Nilitaka insha iwe na Kiingereza cha juu. Naombeni ushauri.

Mama Tunu: Marahaba mwanangu. Maana umeipata, ila neno umeliweka ugenini. Hilo ni la vitabu vya sayansi. Kwenye baiolojia, mada ya mmeng'enyo, utalikuta limetulia: meno yanasaga chakula, mate yanakilainisha, linatoka tonge la kumezeka. Nyumbani hakuna Mwingereza anayemwambia mtoto "masticate your food". Andika chewed.

Tabibu wa Meno: Naunga mkono. Kazini tunalo kila siku: "muscles of mastication", jozi nne za misuli inayoendesha taya la chini. Weka vidole shavuni karibu na pembe ya taya, kisha ubane meno. Unaokaza hapo ni masseter, jina lenye asili ya Kigiriki, lenye maana hiyohiyo ya kutafuna. Kwenye faili naandika "difficulty in mastication". Mgonjwa mwenyewe namuuliza tu kama nyama inatafunika.

Mzee wa Karakana: Na kwenye viwanda vya mpira lipo. Mwaka 1820 Thomas Hancock wa London aliunda mashine ya kurarua mabaki ya mpira, yakatoka yameshikana donge moja. Ili watu wasijue siri yake akaiita "pickle", achari! Baadaye ikajulikana kama masticator. Hadi leo kukanda mpira mbichi ulainike kunaitwa mastication.

Bint Pwani: Mimi hata chewed sijaridhika nayo. Ugali ni laini, nani anautafuna muda wote huo? Mdogo wangu, babu anakulaje hasa?

Kidato_Tatu: Dada, amebakiwa na meno mawili ya mbele. Anaumung'unya tonge, analihamisha shavu hili kwenda lile, anafumba macho, ndipo anameza.

Bint Pwani: Hapo ndipo insha ilipo! Andika "he moved each piece from cheek to cheek with his eyes closed before he swallowed". Maneno mepesi yote, na babu anaonekana. Masticate liweke kwa mtihani wa baiolojia.

Kidato_Tatu: Nimeshaibadilisha sentensi. Asanteni sana. Na yale meno mawili nayaongeza.