Naomba ushauri: kupima kama kreatini inasaidia akili ya mtu mzima mwenye afya

Wakuu, naomba ushauri kuhusu mpangilio wa jaribio. Dozi ni gramu 5 za kreatini (kirutubisho cha unga ambacho wanamichezo hutumia kwa ajili ya misuli) kwa siku, wiki 6, dhidi ya unga bandia wa maltodekstrini, aina ya wanga. Vipimo ni kutaja tarakimu kinyumenyume na kasi ya kuitikia ishara kwenye kompyuta, dakika 10.

Kinachonisumbua zaidi ni mazoea. Mtu akirudia kipimo, alama hupanda zenyewe hata kwa aliyemeza unga bandia, na wengi huishia kuisifu dawa. Nimeweka vikao 3 vya kuzoea visivyohesabiwa, na tarakimu mpya kila kikao. Je, vinatosha?

Kubadilishana zamu, yaani kila mshiriki atumie kreatini kipindi kimoja na unga bandia kipindi kingine, kungepunguza idadi ya washiriki. Kwa kafeini ingewezekana, maana nusu yake huondoka mwilini kwa saa 5 hivi. Kreatini hubaki kwenye misuli wiki 4 hadi 6 baada ya kuacha, kwa hiyo naelekea makundi mawili sambamba, moja la kreatini na jingine la unga bandia.

Wanywaji kahawa wabaki na kiasi chao, saa ileile. Ukiwanyima watafanya vibaya kwenye vipimo kwa sababu ya kuikosa kahawa tu.

Kuficha nani amepewa nini nako kuna shida: kreatini haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi, chembe hutuama chini, na uzito unaweza kupanda kidogo. Mwishoni kila mmoja ataulizwa anadhani alipewa nini. Waliowahi kufanya hivi, mlifichaje? Vidonge vya ganda vingekuwa vingi mno kwa gramu 5.