Damu ya wagonjwa wa saratani ya figo: nyutrofili zinaingia kwenye utando wa limfosaiti, nakosea wapi?

Nzuguni_Maabara:
Wakuu, salaam. Tunachukua damu ml 8 kwa wagonjwa wa saratani ya figo kabla ya upasuaji. Wengine wapo hapa Dodoma, wengine Singida, na ya Singida inakuja kwa basi kwenye boksi lenye barafu. Naichanganya nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa), naimimina juu ya Fikoli ya 1.077 (kimiminika kizito cha kutenganisha seli, 1.077 ni gramu kwa ml), nazungusha kwenye mashine rpm 2,000 (mizunguko kwa dakika) kwa dakika 30. Navuna seli milioni 3 tu, utando (tabaka la seli linalobaki juu ya Fikoli) una wekundu, na kwenye hadubini nyutrofili zimejaa. Ninazozitaka ni limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe. Msaada tafadhali.

TyubuYaKijani:
Mkuu, barafu itoe. Damu ikipoa hadi nyuzi 4, chembe nyekundu zinachelewa kushikamana zikigusa Fikoli, zinabaki juu. Ndio wekundu huo. Weka chupa za maji ya nyuzi 18 hadi 22 ndani ya boksi. Wala isikae kwenye buti la gari na jua hili la Oktoba: ikikaribia nyuzi 37, chembe nyekundu zinagandana haraka mno na kuzizoa limfosaiti kwenda nazo chini.

Halafu rpm haituambii kitu. Mkono wa mashine una sentimita ngapi? Na breki je?

Nzuguni_Maabara:
Sentimita 16. Breki imewashwa.

TyubuYaKijani:
Basi unazungusha kwa g 715 hivi (g ni mara ngapi ya uvutano wa dunia), inatakiwa g 400. Kwa mkono huo ni kama rpm 1,500. Breki izime, mashine isimame yenyewe. Ikikamatwa ghafla utando unavurugika. Ukishauvuna, osha mara mbili kwa PBS: kwanza g 300 dakika 10, kisha g 200 ili chembe sahani zibaki juu uzimwage. Tarajia seli milioni 1 hadi 2 kwa kila ml ya damu.

Kisasa_Kinga:
Kwenye nyutrofili msikimbilie kumlaumu fundi. Kwa wagonjwa wa saratani ya figo, baadhi ya nyutrofili huwa nyepesi na kuelea pamoja na limfosaiti. Hizo si takataka. Zinatoa arginesi, kimeng'enya kinachovunja asidi amino ya arginini; arginini inapungua, na seli T (aina ya limfosaiti) zikiikosa zinapoteza mnyororo wa zeta, sehemu ya kupeleka ishara kwenye kipokezi chao, zinalegea.

Tatizo ni kwamba damu iliyokaa muda mrefu inatoa picha hiyo hiyo. Kwa hiyo kila sampuli ya mgonjwa isindikizwe na damu ya mtu asiye na saratani, wa umri unaokaribiana, itolewe saa ile ile na ipande basi lile lile. Nyutrofili zikijaa kwa wote wawili, ni safari. Zikijaa kwa mgonjwa peke yake, hiyo ni data, usiitupe.

Nyutrofili hizo zipake rangi siku hiyo hiyo kwa alama za juu ya seli: CD11b, CD15, CD14, CD33. Ukizigandisha, nyingi zitakufa wakati wa kuyeyusha, nawe utaandika kwamba hazikuwepo. Seli T ndizo zinazovumilia: seramu 90%, DMSO (kemikali ya kulinda seli zikigandishwa) 10%, shusha nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha naitrojeni ya maji.

Pipeti_Ilazo:
Naongeza mawili. Kama yupo aliyekwisha kuanza nivolumab au pembrolizumab, dawa za saratani zinazoziba PD-1 (kipokezi cha breki kwenye seli T), angalia kloni, yaani toleo, ya kingamwili unayopimia PD-1. EH12.2H7 inagombania nafasi na dawa, hivyo mgonjwa ataonekana hana PD-1 kumbe imefunikwa. Pili, andika saa mgonjwa aliyopewa deksamethasoni (dawa ya steroidi), kama alipewa. Inapandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, na hapo hata Fikoli ingekuwa ya dhahabu isingekusaidia.

Nzuguni_Maabara:
Shukrani wakuu. Huyo wa kulinganisha naye anahitaji kusaini ridhaa?

Kisasa_Kinga:
Lazima. Na awemo kwenye itifaki ya kibali cha maadili kabla hajachomwa sindano. Damu iwe ml 8 vilevile, tyubu ya aina ile ile.